Mandari ya Kiangazi Mashambani Uingereza: Namna ya Kuipanga Siku Moja ya Familia

Neno kiangazi humpoteza Mswahili anapolihamishia Uingereza. Afrika Mashariki kiangazi ni ukavu unaojulikana unapoanza na unapokwisha, ilhali kule ni jina tu la miezi ya Juni, Julai na Agosti, na hakuna hata siku moja ndani yake iliyoahidiwa jua. Tarehe 19 Julai 2022 kipimajoto cha Coningsby, katika jimbo la Lincolnshire, kilisoma nyuzi 40.3 za Selsiasi, joto kubwa kuliko lote lililowahi kupimwa nchini humo, lakini Julai ya mwaka mwingine unaweza kuwakuta watoto wamevaa sweta saa sita mchana. Familia inayongoja siku nzuri ndipo itoke itajikuta nyumbani mpaka shule zifunguliwe mwanzoni mwa Septemba.

Hata hivyo, kwa maoni yangu mvua si adui mkubwa wa mandari. Kinachoharibu siku nyingi ni mwanga. Mwishoni mwa Juni jua la London huchwa yapata saa tatu na dakika ishirini usiku, na kaskazini huchelewa zaidi, hivyo mzazi huona ana siku ndefu mno na kuijaza vituo vitatu au vinne. Anachosahau ni kwamba shughuli za vijijini hazifuati jua. Majiko ya migahawa mingi huzimwa saa nane na nusu mchana, vyumba vya chai hufungwa saa kumi na moja jioni, na basi la mwisho huenda likapita muda mfupi baadaye. Mwanga ni mrefu lakini huduma ni fupi, na anayepanga siku yake kwa saa za huduma badala ya saa za jua atakuwa ameepuka matatizo mengi kabla hajafunga mlango wa nyumba.

Nisemapo Uingereza hapa nakusudia England peke yake, kwa kuwa Scotland ina sheria zake za kupita mashambani ambazo ni tofauti kabisa.

Kuchagua mahali

Kanuni ninayoifuata ni mahali pamoja kwa siku moja, na safari ya kwenda isizidi saa moja na nusu ikiwa kuna mtoto aliye chini ya umri wa miaka minane. Watu wengi huanza na majina makubwa yanayoonekana katika picha, kama vile vijiji vya Cotswolds au mawe ya kale ya Stonehenge, kisha hutumia nusu ya siku katika msongamano wa magari. Barabara ya A303 inayopita kando ya Stonehenge inajulikana nchi nzima kwa foleni zake za kiangazi. Mawe yenyewe huonekana kwa tiketi ambayo ni vyema kuikata mapema kwa saa maalumu, na kwa kawaida mgeni huyatazama kutoka nyuma ya kamba. Mtu mwenye watoto afadhali aende Avebury, katika jimbo hilohilo la Wiltshire. Duara la mawe la huko ni kubwa kuliko la Stonehenge kiasi kwamba sehemu ya kijiji imo ndani yake, kulizunguka hakuna kiingilio isipokuwa ada ya maegesho, na watoto wanaruhusiwa kuyagusa mawe na kujificha nyuma yake. Kondoo hulisha katikati ya mawe hayo, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka mitano lina uzito kuliko historia yote.

England ina hifadhi za taifa kumi, ya kwanza ikiwa Peak District, iliyotangazwa mwaka 1951, na ya mwisho South Downs, iliyoanzishwa mwaka 2010. Msomaji aliyezoea hifadhi za Afrika Mashariki ajue kwamba hizi si mbuga za wanyama zenye geti na kiingilio. Ni nchi wanamoishi watu, yenye mashamba, vijiji, barabara na hata viwanda, na kuingia ni bure saa zote. Unacholipia ni maegesho, chakula na majumba ya kihistoria.

Anayeishi London ana bahati kuliko anavyodhani, kwani kilima cha Box Hill huko Surrey hufikiwa kwa treni, na chini yake kuna mawe ya kuvukia mto Mole ambayo watoto huyarudia mara kumi. Kijiji cha Brockenhurst, katikati ya New Forest, kiko kama saa moja na nusu kwa treni kutoka kituo cha Waterloo, na farasi wadogo huzurura humo barabarani kana kwamba hawana mwenyewe. Wenyewe wapo, nao ni wenyeji wenye haki ya kale ya kulisha mifugo katika msitu ule. Kuwalisha farasi hao hairuhusiwi, na kuwashika kuna hatari, kwa kuwa farasi aliyezoea kupewa mkate huja kuudai kwa meno na kwato. Waliopo Manchester au Sheffield wanaweza kupanda treni ya bonde la Hope na kushuka Edale kwa muda usiofika saa moja, na huko mlima unaanzia karibu na mlango wa kituo.

Kwa wenye kigari cha mtoto, au wanaomchukua bibi ambaye magoti yamechoka, ninapendekeza njia zilizokuwa za reli. Reli nyingi za vijijini zilifungwa katika miaka ya 1960, mataruma yakang'olewa, na baadhi ya tuta zake zikageuzwa kuwa njia pana, tambarare, zisizo na magari. Monsal Trail, karibu na mji wa Bakewell katika Peak District, ina urefu wa maili 8.5 na hupita ndani ya mahandaki ya zamani ya treni yaliyofunguliwa upya kwa wapita njia mwaka 2011. Ndani ya mahandaki kuna taa na ubaridi hata siku ya joto kali, na watoto hupiga kelele wakisikiliza mwangwi mpaka wachoke. Lake District nayo ina orodha ya njia zilizochaguliwa kwa kuwa hazina ngazi wala vizuizi, na ramani zake hupatikana kwenye tovuti ya hifadhi hiyo.

Kabla ya kukata shauri tazama pia upande wa mvua. Mawingu huja kutoka bahari ya Atlantiki, hivyo magharibi hulowa kwanza na kulowa zaidi. Seathwaite, katika bonde la Borrowdale ndani ya Lake District, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, ilhali sehemu za Essex na Suffolk hupata karibu milimita 600 tu. Utabiri unaposema manyunyu ya hapa na pale, anayeishi katikati ya nchi na akaelekea mashariki ana nafasi nzuri zaidi ya kula chakula chake kikiwa kikavu. Tazama utabiri wa Met Office, idara ya taifa ya hali ya hewa, jioni ya kuamkia safari, tena asubuhi, na uutazame kwa saa, si kwa siku nzima, maana alama moja ya wingu na mvua huenda ikawa inahusu dakika arobaini za alasiri.

Usafiri na gharama zake

Reli ya Uingereza ni ghali kwa asiyejua kanuni zake. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hasafiri kwa malipo, na wa miaka mitano hadi kumi na mitano hulipa nusu. Kuna kadi ya punguzo ya familia na marafiki inayonunuliwa kwa mwaka, ambayo huwapunguzia watu wazima hadi wanne theluthi moja ya nauli, na watoto hadi wanne asilimia 60, mradi awepo angalau mtoto mmoja safarini. Kwa familia ya wazazi wawili na watoto wawili kadi hiyo aghalabu hurudisha gharama yake katika safari mbili au tatu. Siku za kazi usisafiri kabla ya saa tatu na nusu asubuhi kama unaweza kuepuka, kwa kuwa katika njia nyingi nauli ya asubuhi na mapema ni ya wafanyakazi, nayo ni kubwa zaidi.

Mabasi ni nafuu, lakini yana tabia zake. Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja katika mabasi mengi nje ya London imewekewa kikomo cha pauni 3, jambo linalofanya safari ndefu ya kuzunguka vijiji iwe karibu bure. Tatizo ni kwamba basi la kijijini linaweza kupita mara moja kila saa mbili, na Jumapili lisipite kabisa. Kinyume chake, hifadhi ya Yorkshire Dales ina mabasi ya DalesBus yanayokwenda hasa siku za Jumapili na sikukuu kwa ajili ya watembeaji. Kwa vyovyote, jambo la kwanza kuandika katika mpango wako ni saa ya basi au treni ya mwisho ya kurudi, kisha panga siku kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Jumapili, na Jumatatu ya mwisho ya Agosti ambayo ni sikukuu, hakikisha kwanza kama reli haitengenezwi, kwa kuwa siku hizo ndizo mafundi huzitumia.

Kwa gari, anayetoka Kenya, Uganda au Tanzania ana nafuu ya kuwa magari hupita upande wa kushoto, ila mwendo na umbali huandikwa kwa maili. Sheria inamtaka mtoto akae kwenye kiti chake maalumu mpaka atimize miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia, na sheria hiyo inamhusu pia mpwa aliyekuja likizo kutoka nyumbani. Njia za vijijini ni nyembamba, zimebanwa na ua wa miti mirefu pande zote mbili, na magari mawili hayapishani. Kuna sehemu zilizopanuliwa kwa ajili hiyo, na dereva aliye karibu nayo ndiye anayetarajiwa kurudi nyuma. Asiyejiamini kurudi nyuma mita hamsini katika kona ajizoeze kwanza, maana nyuma yake kutakuwa na trekta. Maegesho mengi siku hizi hulipiwa kwa programu ya simu, na mabondeni mtandao hupotea, hivyo pakua programu ukiwa nyumbani na uweke sarafu chache ndani ya gari.

Ikiwa unakusudia kutoka mara kadhaa katika kiangazi, piga hesabu ya uanachama wa National Trust, shirika la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1895, ambalo humiliki majumba, bustani, pwani na sehemu kubwa za mashambani. Mwanachama huingia bure na kuegesha bure katika maegesho yake mengi. English Heritage, linalotunza Stonehenge na ngome nyingi za kale, lina uanachama wake tofauti unaoruhusu mzazi kuingia na watoto bila kuwalipia. Usinunue vyote viwili mwaka wa kwanza. Fungua ramani, hesabu ni maeneo ya nani yaliyo ndani ya saa moja kutoka kwako, na uchague hilo.

Kutembea katika mashamba ya watu

Jambo linalowashangaza wageni kuliko yote ni kwamba mtu anaweza kupita katikati ya shamba la mwingine, kando ya ngano yake na ng'ombe wake, na hakuna wa kumuuliza. Ukichanganya England na Wales kuna zaidi ya kilomita 200,000 za njia za umma, nyingi zikiwa za karne nyingi zilizopita, ambazo mwenye shamba hana mamlaka ya kuzifunga. Haki ya kuranda hata nje ya njia hizo, katika nyanda za juu na mbuga zisizolimwa, ilipatikana kwa taabu. Mwaka 1932 mamia ya wafanyakazi wa Manchester na Sheffield walipanda mlima Kinder Scout kwa makusudi wakijua ni marufuku, na baadhi yao wakafungwa. Sheria iliyowapa umma haki hiyo ilipitishwa mwaka 2000.

Kibao chenye mshale wa njano kinaonyesha njia ya waendao kwa miguu pekee. Mshale wa buluu ni wa njia inayotumiwa pia na baiskeli na farasi. Usitegemee simu pekee kukuongoza. Ramani za karatasi za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, zenye kipimo cha 1:25,000, zile za jalada la rangi ya machungwa, huonyesha kila njia ya umma kwa vistari vya kijani, na huonyesha hata kuta na nyua za mashamba, hivyo unajua umo katika shamba la ngapi. Watoto wa miaka minane na kuendelea hupenda kukabidhiwa ramani hiyo na kuongoza, na ninaona ndiyo dawa bora ya swali la "tumekaribia?" kwa kuwa jibu analo mwenyewe muulizaji.

Kuhusu urefu wa matembezi, wapanda milima wa Uingereza wana kanuni ya mwaka 1892 ya William Naismith, inayohesabu kilomita tano kwa saa na kuongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiwa na watoto, zidisha matokeo mara mbili. Njia ya kilomita nane inayoonekana ndogo kwenye ramani itakula alasiri yote, ukihesabu vijito, vijiti, ngazi ndogo za kuvukia uzio ambazo kila mmoja lazima akae juu yake, na kiatu kimoja kilichonasa matopeni.

Lango uache kama ulivyolikuta: kama lilikuwa limefungwa lifunge, na kama lilikuwa wazi liache wazi, kwani huenda mkulima ameliacha makusudi ili mifugo ifikie maji. Kondoo wakiwa karibu, mbwa afungwe kamba. Katika nyanda za wazi sheria inataka kamba isiyozidi mita mbili kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, ambao ni wakati wa ndege kutaga ardhini. Na salimia watu. Mwongozo rasmi wa mashambani uliporekebishwa mwaka 2021 uliwahimiza watembeaji kusalimiana, agizo ambalo kwa Mswahili halina ugeni wowote, ingawa huenda likamshtua mtoto aliyekulia London anapomwona mama yake akiitikiwa salamu na watu sita wasiojulikana ndani ya nusu saa.

Chakula, swala na choo

Beba chakula chako. Nasema hivi bila kuidharau migahawa ya vijijini, ambayo mingi ni mizuri na hupokea watoto vyema, bali kwa sababu ya zile saa nilizozitaja. Niliwahi kufika kwenye baa moja ya kijijini saa tisa alasiri nikiwa na watu wazima wanne na watoto watano waliokuwa wakitembea tangu asubuhi, na tulichopata ni pakiti za krispi, kwa kuwa jiko lilikuwa limezimwa nusu saa kabla na mji uliofuata ulikuwa maili saba mbele. Tangu siku hiyo chapati za kukunja, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai havikosekani begini. Anayetaka chakula cha Jumapili cha nyama ya kuoka aweke nafasi siku kadhaa kabla.

Familia za Kiislamu zizingatie kwamba nyama ya halali ni nadra nje ya miji, na kwamba samaki si salama kila mahali kama inavyodhaniwa, kwa kuwa katika maduka mengi ya samaki na chipsi ya Yorkshire hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza kabla ya kuagiza, nao hawachukii kuulizwa. Skonzi na jemu na krimu nzito, vinavyoliwa na chai alasiri, kwa kawaida havina tatizo. Devon hutanguliza krimu na Cornwall hutanguliza jemu, na si busara ya mgeni kuingilia kati. Adhuhuri ya kiangazi huingia yapata saa saba mchana na Magharibi ya Juni huwa baada ya saa tatu usiku, hivyo anayetoka asubuhi na kurudi jioni atahitaji mahali pa kuswali mara mbili. Mkeka mwepesi na kona ya uwanja vinatosha, na kibla ni kusini-mashariki.

Moto usiwashe. Najua mandari bila nyama choma huonekana haijakamilika, lakini majiko ya bati ya kutupa yamepigwa marufuku katika sehemu nyingi za mashambani, na sababu ni nzito. Udongo wa nyanda za juu ni mboji kavu inayoshika moto chini kwa chini, na moto wa Saddleworth Moor, karibu na Manchester, uliozuka Juni 2018, uliwahamisha watu majumbani na kuwaita wanajeshi kusaidia kuuzima.

Vyoo ni vichache. Kila mnapopita mahali penye choo, ingieni wote, hata wanaosema hawahitaji.

Tunda la msimu ni sehemu ya chakula na ya mchezo pia. Mashamba ya kujichumia hufunguliwa kwa stroberi kuanzia Juni, na rasiberi hufuata Julai. Baadhi hutoza kiingilio kidogo ambacho baadaye hukatwa katika bei ya matunda, jambo la haki ukizingatia kiasi kinachoishia midomoni kabla ya mizani. Agosti beri nyeusi huiva katika nyua za miti kando ya njia, nazo ni za anayepita: sheria ya wizi ya mwaka 1968 inasema wazi kwamba kuchuma matunda ya mwituni si wizi, mradi huyachumi ili kuuza. Chuma yaliyo juu ya kiuno, kwa sababu njia hizo hupitwa na mbwa.

Maji, kupe na ng'ombe

Mzazi aliyetoka Afrika Mashariki hutazama chini akitafuta nyoka. England ina aina moja tu ya nyoka mwenye sumu, naye hukimbia watu. Hatari za kweli ni nyingine, na ya kwanza ni maji. Ziwa au bwawa linalometameta Julai linaweza kuwa na baridi kali nusu mita tu chini ya uso, na mwili ukiingia ghafla pumzi hukatika na mtu hunywa maji hata kama anajua kuogelea. Fundisha watoto kwamba wakianguka majini walale chali, waelee, na wangoje pumzi irudi ndipo wajaribu kuogelea au kuita. Pwani, ogeleeni kati ya bendera za nyekundu na njano tu, maana hapo ndipo waokoaji wanapotazama. Wanaotaka kuoga mtoni au ziwani wachague maeneo rasmi ya kuogelea, ambayo maji yake hupimwa na Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 30 Septemba na kutangazwa daraja lake, na waepuke siku zinazofuata mvua kubwa, wakati majitaka humwagikia mitoni. Watoto wadogo hutosheka na mto Windrush pale Bourton-on-the-Water, unaowafika chini ya magoti, mradi mfike mapema kabla ya mabasi ya watalii.

Kujaa na kupwa kwa maji ni somo ambalo mtu wa pwani ya Uswahilini hahitaji kufundishwa, lakini hata yeye aheshimu kisiwa cha Lindisfarne huko Northumberland. Barabara ya kwenda huko hufunikwa na bahari mara mbili kila siku, saa za kupita hubandikwa kando yake, na bado kila mwaka madereva huokolewa baada ya magari yao kuzingirwa na maji. Katika magenge meupe ya Seven Sisters chokaa hubomoka bila kutoa taarifa, hivyo msikae ukingoni juu, wala msitandike mkeka chini yake.

Ng'ombe wa Uingereza si wa kupuuzwa. Mwenye ndama humwona kila mgeni kuwa adui, hasa mgeni mwenye mbwa. Zungukeni mbali, msipite kati ya mama na ndama, na wakianza kuwafuata endeleeni kutembea taratibu bila kukimbia. Kama mna mbwa na ng'ombe wakawashambulia, mwachieni kamba, maana atawakimbia mwenyewe na wao watamfuata yeye.

Ikitokea ajali, piga 999. Mlimani omba polisi kisha kikosi cha uokoaji wa milimani, na pwani omba walinzi wa pwani. Simu inaweza pia kusajiliwa kutuma ujumbe wa maandishi kwa namba hiyo, kwa kutuma neno "register" kwenda 999 mapema, na ujumbe hupenya mahali ambapo sauti hukatika.

Mvua ikishika

Weka mahali pa pili penye paa, karibu na pale pa kwanza, kabla hujatoka nyumbani. Chaguo langu ni reli za zamani zinazoendeshwa kwa kiasi kikubwa na wapenzi wa treni wanaojitolea: Bluebell Railway huko Sussex, Severn Valley Railway kati ya Kidderminster na Bridgnorth, au ile ya North York Moors inayoanzia Pickering. Mtoto aliyesikia neno garimoshi maisha yake yote, akapanda treni za umeme tu, hapo ndipo anapouona moshi wenyewe na kuelewa jina lilitoka wapi. Dirisha lenye mvua halipunguzi chochote.

Sherehe za vijiji nazo hufanyika mvua ikinyesha, chini ya mahema, na vibao vyake vya karatasi hubandikwa barabarani wiki moja kabla. Huuzwa keki, huchezwa bahati nasibu ya chupa, na mara nyingi kuna mchezo wa kurushia mipira nazi zilizowekwa juu ya vijiti, ambapo anayeiangusha nazi huondoka nayo kama tuzo. Nimemwona mzee wa Kilamu akiutazama mchezo huo kwa dakika kumi, kisha akauliza kwa upole kama wanajua nazi ina kazi gani.

Kwa mavazi, koti la mvua na gambuti kwa kila mtoto, soksi za akiba mbili, na nguo kamili moja iliyobaki garini au begini. Kofia na mafuta ya kukinga jua viwemo pia siku hiyohiyo, kwani mawingu mepesi hayazuii miale.

Mkirudi, kabla watoto hawajalala waogeshe na uwakague nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye mstari wa nywele. Kupe wa majani marefu na misitu ya Uingereza ni wadogo kama mbegu ya ufuta na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute juu polepole bila kumpaka mafuta wala kumchoma, kisha usafishe mahali hapo na uandike tarehe. Kama katika miezi mitatu inayofuata utatokea wekundu unaotanuka kama duara, au homa isiyoeleweka, mwone daktari na umtajie tarehe hiyo na jina la mahali mlipokwenda.